Usiku wa Mama Mkubwa: Ugonjwa wa Kusahau na Historia ya Wanawake wa Usukuma

Anayetoka Mwanza mjini kwenda Sengerema kwa njia ya Kamanga hupanda kivuko, akauacha mji na kilima cha Bugando nyuma yake, na baada ya nusu saa hivi juu ya maji ya ghuba akashukia ng'ambo. Jina Kamanga limeshika pande zote mbili. Nimevuka hapo tangu utotoni, lakini safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyomvusha mama yangu mkubwa kumpeleka hospitali, kwa sababu ya ugonjwa ambao nyumbani kwake haukuwa na jina. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na shemeji yangu, mke wa kaka yangu aliyezaliwa na mama mkubwa huyo. Shemeji alikuwa amefunga ncha moja ya kanga kwenye kiganja chake na ncha ya pili kwenye kiganja cha mkwewe. Abiria walitutazama. Nilidhani kanga ile ni ya kivukoni tu, mgonjwa asije akajitupa majini. Shemeji akaniambia kwa sauti ya chini: "Kusahau kwake si tabu, shemeji. Tabu ni usiku."

Imepita miaka zaidi ya kumi, na mama mkubwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Maneno yale ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Nilikwenda nikiwa na maswali ya msomi: anasahau nini, tangu lini, anatambua watoto wake? Shemeji alikuwa na swali moja tu: nani atamwona akitoka nje usiku, na atasema nini asubuhi? Baina ya maswali yangu na swali lake ipo historia ya karne nzima ya Usukuma, na ni historia ya wanawake kwanza.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa wa kusahau, ambao matabibu huuita dimenshia, si uzee. Uzee humfanya mtu asahau alipoweka ufunguo. Dimenshia humfanya asahau ufunguo ni wa kazi gani. Ni jina la jumla la hali zinazoharibu ubongo hatua kwa hatua: kumbukumbu, lugha, uamuzi, utambuzi wa mahali na wakati, na mwishowe hata uwezo wa kula na kujisaidia. Aina iliyo kubwa kuliko zote ni Alzheimer, inayokadiriwa kuwa asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote duniani. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na hapo shinikizo la damu lisilotibiwa lina sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba walio wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu.

Hata huko Ulaya, ugonjwa huu uliingia katika vitabu vya tiba kwa mlango wa mwanamke. Mwaka 1901 mama mmoja wa miaka 51, Auguste Deter, alipelekwa na mumewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa akificha vitu, akimshuku mumewe, akizunguka nyumbani bila sababu na kupiga kelele usiku. Daktari aliyemhoji aliitwa Alois Alzheimer. Mama yule alifariki mwaka 1906. Daktari akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, akaeleza alichokiona mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen mwezi Novemba mwaka huohuo. Mwaka 1910 Emil Kraepelin akaupa ugonjwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba.

Ninaomba msomaji azishike dalili hizo akilini: kuficha vitu, kushuku watu wa nyumbani, kuzunguka, kupiga kelele usiku. Frankfurt dalili hizo zilimfikisha mama Auguste kwa daktari. Tuone ziliwafikisha wapi wanawake wa huku.

Wasiofika hospitali

Taasisi ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika nchi yetu ilikua Lutindi, katika milima ya Usambara, mahali ambapo wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 kwa kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani. Waingereza walipoitawala Tanganyika walijenga hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Zilikuwa chache, na ziko mbali mno na Ziwa. Mtu aliyefika huko aghalabu alifikishwa na dola: amevuruga amani, ameonekana mjini akiwa uchi, au amejeruhi mtu. Bibi wa kijijini Sengerema au Magu hakuvuruga amani ya mkuu wa wilaya. Alivuruga amani ya boma lake mwenyewe na ya jirani. Kwa hiyo hakuandikwa katika daftari lolote la tiba.

Wala tusisahau kwamba wazee walikuwa wachache. Tulipopata uhuru mwaka 1961 umri wa kuishi Tanganyika ulikadiriwa kuwa chini kidogo ya miaka 45. Hesabu hiyo ilishushwa zaidi na vifo vya watoto wachanga. Waliovuka utoto waliweza kufika uzeeni, na wanawake walifika wengi kuliko wanaume. Lakini dola ya kikoloni haikuwaona. Kodi ya kichwa ilimhusu mwanamume, kilimo cha pamba kilihesabiwa kwa mwanamume, na hospitali ya vichaa ilikuwa ya wale waliosumbua utawala. Mwanamke mzee aliandikwa mahali pamoja tu: katika mashauri ya uchawi.

Macho mekundu

Kila Mtanzania amepata kusikia kuwa Usukumani vikongwe waliuawa kwa sababu ya macho mekundu. Jambo hili husimuliwa kana kwamba ni ujinga uliodondoka kutoka mbinguni. Lina sababu zake, na sababu hizo zina tarehe.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, ikiongozwa katika kazi hiyo na C. F. M. Swynnerton aliyeendesha vita dhidi ya mbung'o huko Shinyanga, iliwahimiza na mara nyingine kuwalazimisha watu kufyeka misitu ili kuondoa maficho ya mdudu huyo. Pamba ikaja ikadai mashamba zaidi, na mifugo ikaongezeka. Nchi ikabaki mbuga tupu. Mwanamke aliyekosa kuni aligeukia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akapika juu ya moshi wake ndani ya nyumba isiyo na dirisha, asubuhi na jioni, miaka arobaini au hamsini. Macho yakawa mekundu. Mwanamume wa umri wake, ambaye hakuingia jikoni, alibaki na macho meupe. Hivyo alama iliyosomwa kuwa ya uchawi ilikuwa alama ya kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya wanawake.

Sheria nayo ilikuja na utata wake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo mwili wake ungali katika vitabu vyetu, inakataza kujidai mchawi na inakataza pia kumtaja mwenzako kuwa mchawi. Lakini inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumwamuru mtu anayedhaniwa kuwa mchawi akaishi mahali pengine. Kwa mkono mmoja serikali ilisema uchawi ni uzushi; kwa mkono wa pili ilimhamisha mtuhumiwa. Zamani mtemi ndiye aliyesikiliza tuhuma za bulogi, na adhabu iliyojulikana zaidi ilikuwa kufukuzwa katika nchi yake. Utawala wa jadi ulipofutwa mwaka 1963 tuhuma zilibaki bila baraza. Mganga aliagua, ukoo ukakaa usiku, na asubuhi mtu alikutwa amekatwa mapanga.

Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye amelichunguza jambo hili kuliko mwanazuoni mwingine wa kwetu, ameonyesha pia mchango wa Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Wasukuma walizoea kuishi mbalimbali, kila boma na mbuga yake. Ghafla waliwekwa nyumba kwa nyumba, watu wasiojuana wakawa majirani. Mwenye kusumbuliwa na ndoto, mwenye kuondokewa na mtoto, mwenye ng'ombe aliyekufa, sasa alikuwa na jirani wa kumtazama. Ongeza hapo bibi anayezunguka usiku bila kujua yuko wapi, kwa kuwa nyumba aliyoijua imeachwa maili tatu nyuma. Ubongo ulioathirika hushikilia mahali pa zamani na hushindwa kujifunza mahali papya. Sijui jambo linaloweza kumchanganya mgonjwa wa namna hiyo kuliko kuhamishwa.

Mauaji yakazidi hata dola ikaingilia kati. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha operesheni katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa walinzi wao. Mwanzoni mwa mwaka 1977 waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa kuwajibika. Taifa linakumbuka kujiuzulu kule kama somo la uwajibikaji, na ni haki. Lakini katika masimulizi yetu yamebaki majina ya wakubwa waliojiuzulu. Vikongwe ambao vifo vyao vilianzisha yote hayo hawana jina hata moja. Kamati ya serikali iliyokusanya takwimu baadaye ilipata kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa imani za uchawi. Zaidi ya 2,200 walikuwa wanawake, na sehemu iliyo kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma.

Sidai kwamba kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa wa kusahau. Wengine waliuawa kwa ajili ya shamba, wengine kwa ng'ombe, wengine kwa wivu wa mitala. Edward Miguel, mchumi wa Marekani, aliyefanya utafiti wilayani Meatu na kuuchapisha mwaka 2005, alionyesha kuwa katika miaka ya ukame au ya mafuriko mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake wazee, na aghalabu wauaji walikuwa jamaa zao. Njaa ndiyo iliyochagua mwaka. Swali langu ni hili: ndani ya ukoo wenye bibi watatu, ni nini kilichochagua bibi?

Hapo ndipo dalili za mama Auguste zinaporudi. Bibi anayesema peke yake anasikika akiongea na wasioonekana. Bibi anayewaita marehemu kwa majina anaonekana kuwa nao. Bibi anayeficha unga chini ya kitanda na kumshutumu mkamwana kwa wizi amekwisha kujifanyia adui nyumbani. Bibi anayeulizwa kama amemroga mtoto wa jirani, naye akajibu "ndiyo" kwa kuwa hajaelewa swali au kwa kuwa anataka kumridhisha muulizaji, amekiri. Na bibi anayekutwa alfajiri amesimama katika ua wa watu, nguo imemvuka, macho mekundu, hawezi kueleza alivyofika, huyo ametimiza picha yote ambayo mtoto wa Kisukuma amesimuliwa tangu anyonye. Ugonjwa huu, kwa namna unavyomwondolea mtu uwezo wa kujieleza, unamnyang'anya utetezi katika saa ileile unapomleta mashtaka.

Kulinda ndiyo kuuguza

Sasa nirudi kwa shemeji. Mama mkubwa alianza kubadilika kidogo kidogo: chumvi mara mbili katika mboga, kisha kupotea njia ya kisimani, kisha kumwita mjukuu kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani. Baadaye akaanza kuamka usiku kwenda kuwatafuta ndama wa babaye, ndama wa miaka ya utoto wake. Alfajiri moja alikutwa uani kwa jirani. Jirani alikuwa muungwana; alimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akamshika mkono akamrudisha. Lakini wiki ileile mtoto wa nyumba ya tatu aliugua, na maneno yakaanza.

Kuanzia hapo shemeji hakulala kitandani. Alitandika mkeka mlangoni, kanga kiganjani, ncha ya pili kwa mkwewe. Mchana alimzuia asikae barabarani na alimpikia yeye, ili asikae motoni na macho yake yasizidi kuwa mekundu. Kila asubuhi alimnawisha, akamvisha vizuri, akamweka nje mahali ambapo watu wangemwona akiwa nadhifu. Nilidhani ni usafi, ilikuwa siasa. Alikuwa akiwaonyesha majirani kila siku kwamba huyu ni mama wa watu, ana mwenyewe. Wakati huohuo alilima, alichota maji, alilea wanne. Binti yake wa kwanza aliacha shule akiwa darasa la sita ili amsaidie. Kaka yangu alikuwa mvuvi, anarudi mara mbili kwa mwezi. Zahanati tuliyoanzia ilitujibu kwamba ni uzee tu.

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa wa dimenshia duniani hutolewa na wanawake. Lakini saa hizo zikihesabiwa kwa kulisha, kuogesha na kuvisha peke yake, mkeka wa mlangoni hautahesabiwa. Usukumani mwuguzaji amekuwa pia askari wa zamu. Na ndiyo maana familia nyingi huwafungia wazee wao ndani. Mgeni akiona bibi amefungiwa chumbani husema ni ukatili, na mara nyingine ni ukatili kweli. Mara nyingine ni mkamwana aliyekosa njia nyingine ya kumfikisha mkwewe asubuhi akiwa hai.

Ulinzi huo hakulipwa kwa mali yoyote, wala sheria haikumwekea akiba. Amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za mila za urithi ilimweka mjane nje ya urithi wa mumewe: sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyomtunza mume. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, walionyimwa urithi kwa sheria hiyo. Msomaji aunganishe mambo mawili. Mjane asiye na ardhi anaishi kwa hisani ya ukoo wa mumewe. Siku akili yake inapolegea, hisani hiyo ndiyo inayopimwa. Na mkamwana anayemtunza leo anajua kuwa anaitazama kesho yake mwenyewe.

Ng'ambo ya magharibi ya Ziwa mzigo huo uligeuzwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata kizazi cha kati kiliondoka, na mabibi wakabaki na wajukuu. Mwanamke aliyetarajia kulelewa uzeeni akaanza kulea upya. Akipatwa na ugonjwa wa kusahau katika nyumba ya namna hiyo, mwuguzaji wake ni mtoto wa miaka kumi. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa mabibi hao pensheni ndogo ya kila mwezi. Nitarudi kwenye jambo hili.

Daraja ni nini?

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Waafrika hawapati dimenshia: ama kwa kuwa hawaishi sana, ama kwa kuwa familia zao zinawaenzi wazee hata maradhi hayaonekani. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulizimaliza hadithi hizo. Wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita walipimwa, na kiwango cha ugonjwa, baada ya kusawazishwa kwa umri, kilikuwa asilimia 6.4. Hicho si kiwango cha nchi isiyo na ugonjwa.

Kazi ya Hai ilileta pia jambo ninaloliona kubwa kwa wanawake. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa asome sentensi, aandike, achore saa. Mwanamke aliyezaliwa Usukumani katika miaka ya 1930 au 1940 hakupelekwa shule. Kipimo hicho kingemwita mgonjwa hata akiwa mzima. Watafiti wakatengeneza kipimo kifupi kisichodai kalamu: taja wanyama wengi kadiri uwezavyo kwa dakika moja, kumbuka maneno niliyokutajia, panga njiti za kiberiti kama nilivyopanga, niambie leo ni siku gani, kiongozi wenu ni nani. Na swali moja: daraja ni nini?

Nilipolisoma swali hilo nilitabasamu, nikiwafikiria watu wetu wa ghuba, ambao umri wao wote walivuka kwa mitumbwi na vivuko, Kamanga na Kigongo, hadi Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa baina ya Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025. Lakini mama mkubwa angelijibu katika miaka yake ya uzima. Alijua kijiti juu ya mto wa msimu. Kipimo kama hicho, katika mkono wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, huchukua dakika chache. Hakiponyi, kwa kuwa ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Kinachotoa ni jina, na huku kwetu jina ni ngao. Siku daktari wa ng'ambo alipotuambia kuwa mama ana ugonjwa wa ubongo, akaandika katika karatasi, shemeji aliomba karatasi ile aishike yeye. Tuliporudi alimpelekea mwenyekiti wa kitongoji aisome mbele ya watu. Maneno hayakuisha, lakini yalipungua. Mama mkubwa alikufa kitandani mwake miaka miwili baadaye.

Deni la dola

Sitaki makala haya yaishie kwenye sifa za shemeji, kwani kumsifu mwanamke anayebebeshwa mzigo ni njia ya zamani ya kumwachia mzigo. Mambo matatu yako katika uwezo wetu.

La kwanza ni pensheni. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, bila kuuliza alifanya kazi wapi. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Miguel, katika utafiti wake wa Meatu, aliutaja mfano wa kaskazini mwa Afrika Kusini, ambako mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yalipungua baada ya pensheni ya wazee kuwafikia. Maana yake ni nyepesi: bibi anayeleta fedha nyumbani mwaka wa njaa ni mtu wa kulindwa. Pensheni ni sera ya uchumi, na Usukumani ni sera ya ulinzi wa raia pia.

La pili ni utambuzi wa mapema. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5, ya mwaka 2022 ikahesabu takriban milioni 3.5. Watumishi wa zahanati wanaoambiwa kupima shinikizo la damu na sukari wafundishwe pia kuuliza daraja ni nini, na wafundishwe kutosema "ni uzee tu." Shinikizo la damu lenyewe likitibiwa, sehemu ya ugonjwa huu itazuiwa.

La tatu ni sheria: urithi wa mjane usibaki hisani, na Sheria ya Uchawi isiendelee kumwezesha kiongozi kumhamisha mtuhumiwa. Kumhamisha mgonjwa wa kusahau ni kumzidishia ugonjwa, na ni kuwaambia wanakijiji kwamba walisema kweli.

Mauaji ya vikongwe yamepungua kuliko yalivyokuwa, na wapo waliofanya kazi kubwa: mashirika ya wazee ya Magu na Shinyanga yaliyojenga majiko yasiyo na moshi, viongozi wa dini, polisi, na majirani kama yule aliyeamkia kabla ya kushuku. Lakini wazee wanaongezeka, na watoto wao wa kike sasa wako Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi, wakifanya kazi za kuwalea wazee na watoto wa wengine. Mkeka wa mlangoni utatandikwa na nani?

Mpwa wangu, yule aliyeacha darasa la sita, ana miaka ishirini na kitu sasa. Ana kibanda cha chai Kamanga, karibu na gati. Nilipovuka mara ya mwisho nilimwuliza kama anajuta. Alinimiminia chai kwanza. "Sijuti kumtunza bibi, baba mdogo," akasema. "Ila mama naye ameanza kurudia chumvi."